Mume Wangu Amepona, Lakini Alishatuaga

Shangazi Restuta, shikamoo, na pole na kazi ya kubeba mizigo ya watu kila wiki. Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi, safu yako naisoma hata nikiikuta kwenye gazeti lililofungiwa maandazi, ila sikuwahi kudhani na mimi nitakuandikia, kwa sababu nyumba yangu ilikuwa ya kawaida tu hapa Nkuhungu, mume, mke, watoto wawili na shamba la zabibu kule Mpunguzi. Majina nimebadilisha, tafadhali usinianike, maana kanisani kwetu gazeti hili wanalisoma kuliko matangazo ya ibada. Niite Mama Kefa.

Naanza na jema ili usidhani naleta msiba. Mume wangu, Baba Kefa, aliugua saratani ya matezi, ilianza na uvimbe shingoni tukadhani ni jino, akang'oa jino zima la watu na uvimbe ukabaki palepale, mwili ukaisha mpaka suruali anaifunga kwa kamba, ndipo tukapelekwa hospitali kubwa hapahapa Dodoma wakakata kinyama wakapima wakatuambia jina lake. Akaanza dripu za kemo. Nywele zikaisha, harufu ya vitunguu ikawa inamtapisha, nikawa napikia jikoni kwa jirani na kuleta chakula kimefunikwa, na kanisa likafunga na kuomba, na mimi nikaomba mpaka maneno yakaniishia nikawa nasema tu "Bwana, wewe unajua." Na Bwana alijua, shangazi. Mwaka huu daktari alitazama vipimo akasema, "Hatuoni ugonjwa. Nendeni nyumbani, mrudi baada ya miezi mitatu tumwangalie tena." Nililia mpaka nesi akanivutia kiti. Mwenzangu alisema, "Asante daktari," akauliza tarehe ya kurudi, basi. Tumesharudi tena na tena na jibu ni lilelile. Sasa anakula ugali wa uwele na mlenda anaomba nyongeza, nywele zimeota laini kama za mtoto mchanga, Lea binti yetu anamtania kwamba ametiwa dawa ya saluni. Kwa hiyo nashukuru, asije mtu akasema sishukuru.

Tatizo langu ni kwamba mtu huyu alishaaga.

Wakati hali ilipokuwa mbaya, katikati ya zile dripu, alitaka apelekwe kwao Mpwapwa. Tukampeleka tumemlaza siti ya nyuma. Akaita wazee wa ukoo na mchungaji, akaacha wosia wa mdomo mbele ya watu, kama mwanaume mzima anavyotakiwa kwao. Ng'ombe akamkabidhi mdogo wake Mazengo, koti la suti akampa Kefa, Biblia yake akampa Lea, na sisi wenyewe, yaani mimi na watoto, akatuweka chini ya Mazengo, akasema, "Kuanzia leo mkiwa na jambo mwulizeni huyu." Akaomba radhi kwa kila aliyemkosea, hata mzee mmoja waliyegombania naye mpaka wa shamba tangu ujana wao. Watu walilia. Akaombewa, tukarudi Dodoma kungoja, na tulichokingoja hakikuja.

Sasa hajui pa kurudia. Lea akisema baba, shuleni wanataka mzazi kwenye kikao, anajibiwa, "Mwulize baba yako mdogo." Bati likivuja, "Mwambieni Mazengo." Na Mazengo ni mtu mwema masikini, kila asubuhi anapiga simu, "Mbukwa shemeji, mmeamkaje, kaka anaendeleaje?" na huyo kaka amekaa hapo mezani anakunywa chai. Juzi amepanda basi kutoka Mpwapwa kuja kuziba hilo bati, akapanda juu, na mume wangu, mwenye nyumba, akamshikia ngazi kama kibarua. Alipoteremka akasema, "Kaka, ng'ombe wako wamezaa, si uje uwaone." Mume wangu akamjibu, "Ni wako hao, nilishatoa." Mazengo akanitazama mimi, na mimi nikatazama sufuria.

Kitandani pia hajarudi. Alihamia godoro la sebuleni wakati wa kutapika, akisema hataki kunikatisha usingizi. Sasa hatapiki, na bado yuko sebuleni. Nilipomuuliza aliniambia kwa upole, hata hasira hana, "Mama Kefa, nikikuzoesha tena halafu nikaondoka, utaumia mara mbili." Na hapa ndipo nakuungamia wewe kwa sababu mchungaji nimeshindwa kumwambia: nilikuwa na mume zaidi alipokuwa mgonjwa. Alikuwa ananishika mkono, tunaongea mambo ya uchumba wetu, tunacheka na beseni la kutapikia liko katikati yetu. Amepona nimekuwa mjane, na marehemu nampikia mimi mwenyewe, chai, mchana na jioni. Kuna siku hasira inanipanda natamani nimtikise mabega, halafu nawakumbuka wenzetu tuliokaa nao benchi moja pale kliniki ambao leo hawapo, wake zao wangetoa chochote wamwone mtu amelala sebuleni, nabaki najiona mimi ndiye mwenye dhambi kuliko wote.

Kilichonifanya nikuandikie ni zabibu. Wewe kama ni mtu wa Dodoma unajua kwamba mzabibu usipokatiwa hauzai, unaota majani tu. Mume wangu kwa kukatia anasifika, watu walikuwa wanamwita mashambani kwao aje awaonyeshe. Tangu augue shamba limekuwa pori. Wakati wa kukatia ulipofika nikamwambia, Baba Kefa, umepata nguvu, twende. Akasema, "Nikikata leo zitaiva baada ya miezi minne, na kliniki ni miezi mitatu. Ngoja kwanza tusikie watasemaje." Nikangoja. Tukaenda, wakasema hawaoni ugonjwa, tukarudi, zamu ya pili ya kukatia mwaka huu ikafika, nikamwambia haya twende, akanijibu maneno yaleyale, kwa sababu safari hii tena kliniki iko karibu kuliko mavuno. Nikaona kumbe siku hiyo haitafika.

Basi Jumatano alipokwenda maombi mimi nikachukua mkasi, nikapanda gari la Mpunguzi, nikakatia mistari miwili peke yangu. Sikumwambia. Kesho yake, nikiwa nimerudi hukohuko, jirani wa shamba akampigia kumpongeza kwamba ameanza kazi, na yeye akaja shamba akanikuta. Shangazi, sijawahi kumwona hivyo. Alisema, "Nani amekutuma umpangie Mungu tarehe? Mimi nilimwambia niko tayari. Nikianza kupanga mavuno ataona nilimdanganya, na ugonjwa utarudi." Nililia palepale. Yeye akawa anatembea kwenye mstari anatazama nilivyokata, akafika kwenye mzabibu mmoja akasimama, akasema, "Hapa umebakiza jicho moja tu la kuchipulia, utazaa nini?" akaniomba mkasi, akausafisha ule mzabibu vizuri, akaingia na wa pili, kisha kama mtu aliyegutuka akauweka mkasi chini akaondoka kwenda barabarani. Tangu siku hiyo ananisalimia tu.

Naomba uniambie, je, nimekosea? Niache shamba life, ningoje mpaka daktari aseme imetosha usirudi tena? Je, ni kweli kwamba mtu akishamwambia Mungu yuko tayari kufa, akianza kupanga maisha anakuwa amemdanganya? Na nikikasirika naye, je, natukana muujiza tuliopewa? Nijibu upesi, siku za kukatia zinapita.

Mama Kefa, Nkuhungu.

SHANGAZI RESTUTA ANAJIBU

Marahaba, Mama Kefa. Barua yako nimeisoma mara ya kwanza nikalia, mara ya pili nikacheka pale kwenye ngazi, Mungu anisamehe. Mume yupo, anakula, anaomba nyongeza ya mlenda. Kwanza tushukuru wote kwa hilo, na wasomaji wangu washukuru pia, maana wiki hizi mnaniletea vilio vitupu.

Sasa tukae chini. Hujatukana muujiza wowote. Umemuuguza mtu, umebeba beseni, umepikia jikoni kwa watu, na ulipomaliza yote hayo ukatarajia kupewa mumeo, ukapewa mgeni wa sebuleni. Ungekuwa huna hasira ningekuuliza kama unampenda kweli. Wale wajane wa pale kliniki waombee, wasalimie, kama una namba zao wapigie. Ila usijifanye mjane ili ulingane nao. Hawajakuomba hivyo.

Lakini na wewe umekosea, usidhani nitakuacha. Umekwenda shamba kwa siri kama mwizi, siku ambayo mwenzio yuko kwenye maombi. Mtu ambaye amekwisha kujiona hahesabiwi, akapigiwa simu na jirani apongezwe kwa kazi ambayo hakuifanya, unafikiri alijisikiaje? Uliona anashika mkia, ukaenda kumwonyesha kwamba hata huko mwisho hahitajiki. Kwa hilo mwombe radhi, kwa hilo tu. Kwa kutaka zabibu usiombe radhi kwa mtu yeyote.

Na sasa nikuonyeshe kitu ambacho umeniandikia mwenyewe bila kukiona, kwa sababu machozi yalikuwa machoni. Umesema alifika kwenye mzabibu ulioukata vibaya akasimama, akaudhika, akachukua mkasi akaurekebisha, akaingia na wa pili. Mama Kefa! Mtu aliyemaliza mambo ya dunia anaudhika na jicho moja la mzabibu? Wa pili je, nani alimtuma? Mumeo anataka kuishi mpaka mikono inamwasha. Kinachomzuia si ugonjwa na wala si Mungu, ni aibu na woga. Amewaaga watu kwa heshima, wakamlilia, akagawa vyake, na sasa kila akitaka kunyoosha mkono kuchukua maisha yake anajiona kama mtu aliyekula mchango wa msiba wake mwenyewe. Sisi watu wa huku tunajua sana kumuaga mtu. Tuna maneno yake na namna ya kukaa. Namna ya kumpokea aliyeaga halafu akabaki hatuna, kwa hiyo itabidi muitengeneze ninyi.

Mpigie Mazengo leo. Huyo shemeji yako ni dhahabu, na nina hakika amechoka kuwa baba wa watoto wawili ambao baba yao yuko hai. Mwambie awaite walewale wazee, na mchungaji yuleyule, kwao Mpwapwa. Wosia ulitolewa kwa mdomo mbele ya watu, basi urudishwe kwa mdomo mbele ya watu. Baba Kefa asimame, aseme, "Niliwakabidhi, Mungu amenibakiza, naomba nipokee tena watu wangu." Mazengo ajibu kwamba amewatunza na anawarudisha. Hayo mambo ya ng'ombe na ndama wataelewana wenyewe ndugu, msiwaingilie. Koti Kefa alirudishe, limeshamkaa vibaya kijana, nina hakika. Biblia Lea abaki nayo, baba atapata nyingine. Pikeni, kuleni, muombe. Mzee wa ule mpaka wa shamba naye aitwe, maana aliombwa radhi na mtu anayekufa, sasa aone kama ataendelea kuelewana na mtu anayeishi.

Suala la kumdanganya Mungu usilijibu wewe, wala mimi silijibu kama mchungaji. Mpeleke kwa mchungaji wenu, akae naye peke yake. Mimi nitauliza swali la mama mtu mzima tu: kanisa zima lilifunga kuomba nini? Liliomba afe vizuri? Liliomba apone. Yeye mwenyewe aliitikia amina. Sasa aliyeomba ugali akiletewa, halafu akakaa nao mbele yake bila kunawa, akisema anaogopa kumuudhi mpishi, huyo mpishi tumfariji vipi?

Kuhusu daktari, hapo nitakuwa mkali kidogo. Kliniki hakuna kukosa hata moja, hata akijisikia anaweza kubeba gunia. Imani haishindani na kipimo, tuliyemwomba ndiye aliyewapa hao madaktari akili. Ila safari ijayo msitoke na tarehe tu. Ingieni wote wawili, mkae, muulize: afanye kazi gani na gani aache, jua la shambani analiweza kwa saa ngapi, dawa za kupulizia zabibu ashike au amwachie mwingine, akae na mkewe kama mume na mke au bado. Waulizeni, wanaulizwa hayo kila siku, hawaoni haya. Na mwambie daktari waziwazi kwamba mwenzio hapangi jambo lolote zaidi ya siku ya kurudi. Wapo watu pale hospitali ambao kazi yao ni kuongea na wagonjwa waliopona mwili na woga umebaki. Si wendawazimu, ni uchovu wa vita, na unatibika.

Umeniuliza kama ungoje mpaka aambiwe asirudi tena. Usingoje. Miezi mitatu ya daktari si muda aliopewa mumeo wa kuishi, ni muda wa daktari kutaka kumwona. Na hakuna zabibu inayoiva kabla ya kliniki, umeliona hilo mwenyewe. Sikudanganyi kwamba ugonjwa hauwezi kurudi. Unaweza. Ukirudi, mtarudi pale kwenye benchi mkiwa mume na mke walioishi hiyo miezi yote, badala ya kurudi mkiwa watu wawili waliosalimiana. Hayo ya kuumia mara mbili ni maneno ya mtu anayekupenda, nimeyaheshimu, lakini mwambie hesabu yake haijakaa sawa. Unaumia sasa hivi, kila siku, na yeye yupo.

Mistari yako miwili iache ilivyo, usiongeze hata mmoja. Mwambie kwa kinywa chako, bila ujanja, "Sijui kukata, nimekata vibaya, nakuhitaji." Kisha nyamaza. Wanawake wengi hilo la mwisho linatushinda, wewe jitahidi. Na gazeti hili usilifiche chini ya godoro, mpe asome sehemu iliyobaki, maana ni yake.

Baba Kefa, salaam. Najua umesoma kuanzia juu na umekasirika kwamba mambo ya nyumbani kwako yako gazetini. Kasirika, ni haki yako, mtu mwenye nyumba ndiye anayekasirika hivyo. Mimi nilikuheshimu niliposoma ulivyowaaga watu wako kule Mpwapwa, wanaume wengi hufa na maneno yao kooni. Uliulizwa kama uko tayari kwenda, ukajibu vizuri. Sasa unaulizwa kama uko tayari kubaki. Anayeuliza yuko jikoni hapo nyuma yako, anajifanya anaosha vyombo. Inuka ukamjibu.